Swichi ya Taa na Kiu ya Mwali

Mpaka leo nikiona watu wamekizunguka kitu kibovu, wanakuna vichwa, viganja huniwasha. Nataka kugonga ukuta. Ugonjwa huo niliupata Marui, upande wa Kisarawe, siku ambayo watu wazima watatu waliizunguka pikapu ya baba tangu asubuhi hadi alasiri wakitafuta kwa nini taa zake za mbele haziwaki. Jibu nilikuwa nalo mimi, nyuma ya ukuta wa udongo, na sikuwa na ruhusa ya kufungua kinywa.

Nilikuwa mwali. Nilikuwa nimewekwa ndani kwa bibi yangu mzaa mama tangu mahindi ya msimu uliopita yalipokuwa yakipukuchuliwa. Enzi zile za Mwingereza, msichana wa Kizaramo akivunja ungo hakuendelea kwenda kisimani na wenzake kama kwamba hakuna lililotokea. Aliingizwa chumbani, akakaa gizani, akafundwa, mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Mwali haonwi na wanaume. Mwali haonwi na jua. Mwali hasemi kwa sauti. Akisema hunong'ona, tena kwa mwanamke tu. Kwa haja zangu za kila siku tulikuwa na lugha ya ukuta. Nikigonga mara moja, bibi alijua nataka maji ya kunywa. Nikigonga mara mbili, alijua nataka kutoka kujisaidia, naye alikuja kunifunika shuka gubigubi na kuniongoza kama kipofu. Lugha yenyewe iliishia hapo.

Giza silo lililonikera. Giza unalizoea, na chakula kilikuwa kingi, nikanenepa mashavu. Kilichonikera ni kwamba kabla sijawekwa ndani nilikuwa nimepata nafasi katika shule ya kati ya wasichana. Mwalimu wa kike wa kule alimwambia baba waziwazi kwamba nafasi yangu ataishikilia mpaka siku ya kufungua shule. Nisipofika, atampa mwingine, kwani wanaoitaka ni wengi. Baba akakubali. Bibi naye akakubali kwa namna yake. "Atoke kwanza," alisema, "ndipo aende anakokwenda." Mwali asiyetolewa haendi popote, hata angeitwa na Gavana mwenyewe.

Na kutolewa kwenyewe kulikuwa kumebanwa pande zote. Mwezi wa Shaabani ulikuwa ukingoni. Ramadhani ikishaandama, nani atathubutu kupiga ngoma ya mwali watu wamefunga? Nikisubiri Idi, masika yatakuwa yamekwisha kuharibu barabara, na shule itakuwa imefunguliwa zamani. Kwa hiyo ilikuwa nitoke wiki ile au niikose shule. Ngoma ilipangwa Mbwawa, Kibaha, nyumbani kwa baba. Huko ndiko ulikokuwa mkole, mti ambao wanawali wa ukoo wetu walichezewa chini yake, na huko mama na shangazi zangu walikuwa wamekwisha kutwanga mpunga wa wageni.

Kutoka Marui hadi Mbwawa si mwendo wa miguu wa usiku mmoja. Ndipo ikaingia pikapu ya baba. Gari lile lilitumika vitani, likauzwa, likauzwa tena, mpaka likamfikia baba likiwa limechoka na dunia. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba ya katani. Baba alilitumia kubebea mihogo na ndizi hadi barabara ya Morogoro, na alilipenda kuliko lilivyostahili. Mpango ulikuwa rahisi: nipakiwe alfajiri, giza bado zito, nifike Mbwawa kabla jua halijachomoza na kuniona. Kilichotakiwa ni injini, magurudumu na taa. Injini ilikuwapo. Magurudumu yalikuwapo.

Taa zile ziliwashwa kwa kuvuta kitufe kwenye dashibodi. Wakati wake zilikuwa taa nzuri tu, lakini kwa muda mrefu zilikuwa na tabia ya kuzimika gari likikanyaga shimo. Dawa ya baba ilikuwa moja. Aliipiga dashibodi kofi, akasema "Amka!" na taa zikaamka. Kila shimo kofi, kila kofi "Amka!" Nilipokuwa mdogo nilidhani magari yote huendeshwa hivyo. Sasa taa zilikuwa zimekufa kabisa, makofi hayakusaidia tena, na baba alifika Marui mchana, siku mbili kabla ya safari yangu, gari likiwa halina hata mwanga wa kumulika kuku. Asubuhi ya siku iliyofuata, siku ya mwisho ya kutengeneza chochote, akaliingiza uani kwa bibi. Alikuwa amekuja na fundi wake.

Fundi alikuwa Mnyamwezi aliyekuja pwani kufanya kazi ya mkonge, akaishia kutengeneza matrekta ya shamba moja karibu na Mlandizi. Mikono yake ilikuwa mizuri. Mdomo wake ndio uliokuwa tabu. Wanyamwezi na sisi ni watani tangu mababu zao waliposhuka pwani na mizigo kichwani, na mtani ana ruhusa ya kusema lolote, popote, hata msibani, na huwezi kumkasirikia. Kwa hiyo hakuwahi kusema neno moja bila kulivalisha mzaha.

Sasa itazame hali ilivyokuwa. Mimi sikuruhusiwa kusema na mwanamume. Baba alikuwa mkwe, na mkwe habishani na mama mkwe wala hamkazii macho. Akiwa uani kwake husimama mbali, anatazama chini, anasema kidogo. Bibi naye, kwa heshima hiyohiyo, hakusema na baba moja kwa moja. Maneno yote yalipitia kwa mtani. Yaani katika boma lile lote, mtu pekee aliyeruhusiwa kusema na kila mtu ndiye ambaye huwezi kujua lini anasema kweli. Mambo gani hayo?

Mimi niliyajua yote yaliyotokea uani kwa sababu ya gunzi. Katika ukuta wa nyuma wa chumba changu, usawa wa jicho nikiwa nimekaa, niligundua gunzi la hindi limechomekwa ndani ya udongo. Nilidhani limezibia njia ya panya. Siku moja kwa kukosa kazi nikalizungusha, likatoka, na nyuma yake kukawa na tundu la upana wa kidole linalotazama uani. Tundu lile lilinilea. Niliona kuku, niliona mvua, niliona miguu ya wageni. Nikisikia nyayo za bibi, gunzi linarudi mahali pake na mimi nimeinamisha kichwa kama mwali mwema. Angejua, angelikandika siku hiyohiyo, na mimi angenisema mpaka nikome. Bibi alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyerudia neno.

Asubuhi hiyo baba aliisogeza pikapu mpaka pua yake ikaingia upenuni, fundi apate kivuli. Taa ya kulia ikaja uso kwa uso na tundu langu, karibu kabisa, hata nikanusa petroli. Sikuona kitu kingine ila kioo cha taa. Yaliyobaki niliyapata kwa masikio.

"Haya, mgonjwa wenu ana nini?" fundi aliuliza.

"Taa," alisema baba. "Nimevuta, nimepiga, nimesukuma. Kimya."

"Umepiga? Basi swichi imechoka kupigwa makofi. Ingekuwa mke ingekwisha kurudi kwao zamani."

Baba akacheka. Bibi, aliyekuwa akipepeta mchele barazani, naye akacheka. Hata mimi nilitabasamu gizani. Na hapo ndipo tulipopotea. Maana alikuwa ametaja ugonjwa wenyewe, kwa jina lake, kabla hajafungua hata sanduku la vyombo, lakini kwa kuwa aliyelitaja alikuwa mtani, hakuna aliyelichukua kuwa neno. Naamini hata yeye mwenyewe hakujisikia.

Akaanza na betri. Aliibonyeza honi, ikalia hata kuku wakaruka juu ya paa.

"Mwambie mkwe wangu," alisema bibi, "kuku wangu wanaatamia."

"Mkweo anasema wewe na honi yako mmewaharibia mayai," fundi akampelekea baba, ambaye alikuwa amesimama hatua chache tu na alikuwa amesikia kila kitu.

Betri nzima. Akabadilisha balbu, ya kulia na ya kushoto. Hakuna. Akatoa fyuzi, akaitazama, akairudisha, akaitoa tena, akaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Hakuna. Akasugua kwa msasa mahali nyaya zinapofungwa kwenye chuma cha gari, akiimba wimbo wa kwao kuhusu Wazaramo wanaolala mpaka jua linawapita. Hakuna. Kisha akaleta waya mmoja mrefu kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye taa, bila kupitia kitu kingine chochote, na taa ikawaka nyeupe ndani ya jicho langu. Nilianguka chali kwenye mkeka, nikaona nyota za kila rangi.

"Macho mazima, damu ipo," alisema fundi. "Ugonjwa uko katikati."

"Katikati wapi?"

"Katikati ya wewe na mkweo."

Wakacheka tena. Nilitamani kulia. Jua lilikuwa limepanda, siku ilikuwa moja tu, na wao wanacheka.

Wakaanza kuzifuata nyaya chini ya gari. Fundi alilala chali mchangani, baba akakaa ndani ya gari kuvuta kitufe kila alipoambiwa. Vuta. Sukuma. Vuta. Na hapo, nikiwa nimerudi kwenye tundu langu kwa hasira tu, nikaona taa inapumua. Haikuwaka. Uzi wa ndani ya balbu uligeuka mwekundu, wekundu hafifu wa kaa linalotaka kufa, kisha ukazimika. Nikafumba macho, nikafumbua. Baba alisema, "Nimeegemea kitufe hapa mkono umechoka," na uzi ukawa mwekundu tena. Akauondoa mkono, ukafa.

Nilielewa palepale. Sikuwa fundi, lakini mjinga naye hana haja ya kuambiwa mara kumi. Nyaya zilipokuwa zikivutwa chini, taa ilikaa kimya. Kitufe kilipoegemewa, taa ilipumua. Wao walikuwa nje, kwenye mwanga wa mchana, na wekundu ule hawakuweza kuuona hata wangeutolea macho. Mimi nilikuwa nimekaa gizani miezi na miezi. Kama kulikuwa na macho Marui nzima yaliyofundwa kuona mwanga mdogo, yalikuwa yangu.

Nikagonga ukuta.

Bibi akaja na maji. Gunzi lilirudi mahali pake kwa kasi ya ajabu, nikapokea kata, nikanywa. Akaondoka. Nikachomoa gunzi. Baba akaegemea tena, taa ikapumua tena, nikagonga tena. Bibi akaja na maji tena.

"Umekula nini?" alininong'oneza.

"Bibi," nikanong'ona, "taa inawaka. Wakigusa kitufe, inawaka kidogo."

Alinitazama. Kwenye giza lile niliona weupe wa macho yake tu.

"Mwali hana macho," alisema, akachukua kata yake akatoka.

Nilishika kichwa. Mwali hana macho! Mwali ana nini basi? Ana tumbo la maji. Nilikuwa nimejaa maji mpaka kooni, na nikigonga mara mbili nitatolewa nje nimefunikwa shuka nizungushwe nyuma ya choo, halafu nirudi palepale. Niliuchukia ukuta, nikaichukia pikapu, nikamchukia kila mtu aliyewahi kutunga mila yoyote tangu Adamu.

Adhuhuri ikafika. Fundi akatoka chini ya gari, akajikung'uta, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mzaha. Alisema hajui. Baba akasema tufunge kandili mbele ya gari, twende polepole. Fundi akamwambia kandili itammulikia yeye pua, siyo barabara, na njia ya mchanga ya kutokea Marui ina mashimo yanayomeza ng'ombe. Baba akafikiri, kisha akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayejua atakalojibiwa, kwamba labda mwali angefunikwa vizuri, mablanketi mawili, matatu, asafiri mchana.

Fundi alilipeleka neno hilo barazani. Bibi aliendelea kupepeta.

"Mwambie mkwe wangu, mjukuu wangu si mzigo wa mihogo. Kama gari halina taa, basi Ramadhani ipite, na masika yapite. Atatoka wakati wa mavuno."

Nililisikia hilo neno. Mavuno. Niliona kwenye dawati langu amekaa mtu mwingine, msichana nisiyemjua, anafungua kitabu ambacho kingekuwa changu. Nilijitupa kwenye mkeka nikalia huku nimeuma khanga, maana hata kulia kwa sauti mwali haruhusiwi. Sijui kama baba alisikia. Alikwenda kukaa ndani ya gari, akafunga mlango, na kwa uchungu wake akaipiga dashibodi kofi moja kubwa.

Taa ikapumua.

Sikufikiri. Niligonga ukuta kwa ngumi. Bibi akainuka na kata. Baba akapiga tena, mimi nikagonga tena. Bibi hata hakuwa amefika mlangoni.

"Ngoja," alisema fundi.

Nilisikia nyayo zake zikija karibu na gari.

"Bibi mtani wangu, hebu simama na kata yako. Mwali wenu ana kiu ya namna gani? Tangu asubuhi namsikia. Nikigusa fyuzi, hana kiu. Nikilala chini ya gari, hana kiu. Huyu bwana akigusa dashibodi tu, mwali anataka maji."

Binti yake alikuwa anatajwa na mwanamume, ukutani kwake, na yeye yupo. Mtu mwingine yeyote angekuwa amevunja adabu vibaya sana, na angelipa mbuzi. Lakini kwa mtani hakuna mbuzi. Nadhani katika dunia nzima hakukuwa na mwanamume mwingine aliyeweza kufanya alichofanya baadaye: alikuja mpaka ukutani, akainama, akausemesha udongo.

"Ewe ukuta wa Kizaramo," alisema. "Mimi mbeba mizigo tu. Nitashika kitu kimoja kimoja. Nikishika penye ugonjwa, uwe na kiu."

Nilikuwa nimeganda. Kugonga kwa ajili ya maji ni ruhusa. Kumjibu mwanamume ni jambo lingine kabisa. Mlango wa chumba ukafunguka na bibi akaingia. Gunzi lilikuwa mkononi mwangu. Tundu lilikuwa wazi, na mwanga wa uani ulikuwa umepita ndani yake ukatua kwenye kifua cha bibi, duara dogo, kama kitufe cheupe cha shati. Alilitazama. Alinitazama mimi. Nilingoja kofi.

"Gonga," alinong'ona. "Huyo hana subira. Gonga."

Fundi akagusa nyaya za taa. Nilinyamaza. Akagusa fyuzi. Nilinyamaza. Akaingia ndani ya gari, nikasikia mlango, kisha uzi ukawa mwekundu. Nikagonga. Akaachia, akabonyeza, nikagonga. Akakisukuma kitufe kulia, kushoto, juu, na mimi nikamfuata, bibi amesimama nyuma yangu na kata ya maji ambayo hakuna aliyeihitaji.

"Swichi!" fundi akapiga kelele. "Swichi, mama yangu! Si niliwaambia?"

Kweli alikuwa amewaambia, na kweli hakuwa amewaambia. Mpaka leo sijui nimkasirikie kwa lipi.

Aliifungua kwa bisibisi, akaitoa. Nilimsikia akimwonyesha baba: vibati vya shaba vinavyotakiwa kugusana vilikuwa vimeliwa na kuungua weusi, na kispringi cha kuvibana kimelegea kwa makofi, hata vikawa vinagusana kwa ncha tu. Umeme ulipita kwa kuchungulia. Alipozishika nyaya mbili akazikutanisha kwa mkono, taa ikawaka na mimi nikawahi kufumba macho safari hii.

Sasa baba akataka nyaya zisokotwe tu, safari iishe. Fundi akakataa. Alisema waya usio na kifuniko hapo chini, na mwali amekaa pembeni amefungwa khanga na blanketi, wanataka kumtoa au wanataka kumbanika? Swichi mpya ya gari ilikuwa Dar es Salaam, na Dar es Salaam ilikuwa mbali. Akafukua sanduku lake muda mrefu, vyuma vikilia, mpaka akatoka na kitu kilichomfanya baba agune: swichi ya ukutani, nyeusi, ya duara, ile inayobofywa juu na chini. Ilitoka kwenye nyumba moja ya shambani iliyobomolewa.

"Gari langu si nyumba," alisema baba.

"Nyumba zenyewe hamna zenye taa," akajibu fundi. "Acheni basi gari lifaidi."

Akachonga kibao kutoka kwenye sanduku la chai, akaifunga swichi juu yake, akakikaza kibao chini ya dashibodi kwa skrubu. Akaikata ncha ya kila waya mpaka penye shaba safi, akaiingiza mahali pake, akaikaza, akaivuta kuona kama itachomoka. Kisha akabofya. Tak. Taa zote mbili zikawaka. Tak. Zikazimika. Akabofya tena na tena mpaka bibi akamwambia amekwisha kuaminiwa.

Na unafikiri alisifiwa nani? Fundi alipewa jogoo. Baba alipewa pole. Jirani walikuja kuitazama swichi ya nyumba ndani ya gari, wakamsifu mtani kwa akili zake, naye hakuwakataza. Kuhusu kiu ya mwali hakuna aliyesema neno, kwa sababu hakuna aliyejua aliseme vipi bila kuaibisha nyumba. Niliyasikia yote kupitia kwenye tundu langu, nimevimba kwa hasira na kwa maji.

Jioni nilingoja nisemwe. Bibi aliniletea wali, hakusema. Alinipaka mafuta, akanisuka nywele, hakusema. Kila aliposhusha pumzi nilidhani sasa. Nilikwisha kulirudisha gunzi mahali pake, kisha nikaona hilo ni kosa la pili, nikalitoa nikalificha chini ya mkeka, nikalala nimelilalia ubavuni kama mwizi.

Alfajiri aliniamsha kwa kunigusa mguu. Nje injini ilikuwa inanguruma. Alinivalisha kaniki mpya, akanizungushia khanga, akachukua shuka la kunifunika kichwa. Kabla hajanifunika, baba alibofya swichi, na mwanga ukaingia kwa tundu lile, mstari mmoja mnyoofu toka ukutani hadi kwenye uso wa bibi. Sikuwa nimewahi kuuona uso wake chumbani humo miezi yote ile. Ulikuwa umelowa.

"Gunzi liko wapi?" aliuliza.

Nililitoa chini ya mkeka.

Hakulipokea. Alikuwa amelitazama tundu, kidole chake kinapita ukingoni mwake polepole, mahali ambapo udongo ulikuwa laini kwa kushikwashikwa.

"Ukuta huu mama yangu aliukandika, nami nimeukandika mara nyingi," alisema. "Hapa huwa tunapaacha. Mama yako naye alikuwa na kiu sana." Akaitengeneza khanga mwilini mwangu. "Lirudishe lilipokuwa. Mdogo wako anakuja baada yako."

Nililichomeka gunzi ukutani, likakaa, na chumba kikawa giza. Kisha shuka likanishukia, akanishika mkono kunitoa. Njia nzima mpaka Mbwawa nilifunikwa kichwa, nimebanwa kati ya baba na mlango wa kamba, na kila mara gari lilipokanyaga shimo mkono wa baba ulinyanyuka wenyewe kupiga dashibodi, ukasimama hewani, ukashuka. Sikuona barabara. Sikuziona taa. Nilisikia tu, karibu na goti langu, swichi ya nyumba ya watu ikitikisika kwenye kibao chake.